Anayesema "mimi mbwa siogopi" usimpe kamba

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Upanga, nalifupisha: "Dokta shikamoo. Naishi ghorofa ya nne, peke yangu, nina mbwa dume wa mwaka mmoja na nusu, mchanganyiko wa jemani shepadi, anaitwa Tomi. Natoka saa moja asubuhi kwenda kazini narudi saa moja usiku, kashatafuna kochi na mlango wa jikoni, na majirani wananilalamikia anabweka mchana kutwa. Nataka nimlipe mtu awe anamtembeza Jumatatu mpaka Ijumaa, mara mbili kwa siku. Mlinzi wetu wa getini kasema atafanya yeye kwa 60,000 kwa mwezi, eti yeye mbwa hawaogopi kabisa. Nimpe? Na nitajuaje kama kweli anamtembeza?"

Marahaba dada, na pole na kochi. Nianze na jibu kabla sijakuchosha: mlinzi usimpe, na siyo kwamba ni mtu mbaya, simjui mimi. Yule kaajiriwa kukaa getini, sasa saa sita mchana akitoka na Tomi kuzunguka mtaa getini kabaki nani? Siku pikipiki ya jirani ikiondoka hapo chini watu hawataanza kuuliza mwizi kapita wapi, watauliza mlinzi alikuwa wapi, na jibu litakuwa alikuwa anatembeza mbwa wa yule dada wa juu, tayari umeingia kwenye kesi isiyokuhusu. Ila mlinzi ni mtu muhimu sana kwenye hili jambo, nitamrudia.

Sababu ya pili ndo kubwa. Kasema mbwa hawaogopi kabisa. Dada angu, mimi nina miaka kumi na saba naingia kwenye mageti ya watu hapa Dar kuchanja na kutibu mbwa, nimeng'atwa mara tatu, na mara zote tatu mbwa alikuwa kashikwa na mtu aliyeniambia "dokta njoo tu, huyu mimi ananijua". Mtu asiyeogopa mbwa kabisa utamjua kwa mikono. Kamba anaivingirisha kwenye kiganja mara mbili tatu ili aonekane kashika, mbwa akisimama kunusa anamvuta kwa nguvu, akipita mtoto analegeza kamba makusudi mbwa amrukie kidogo afu anacheka, "hang'ati huyu". Mbwa wa mwaka mmoja na nusu akifundishwa huo mchezo miezi miwili hautamtoka tena, na siku akimng'ata mtu atakayeitwa serikali ya mtaa ni wewe.

Mtafute anayeogopa kidogo. Yule ambaye ukimwambia nina mbwa nataka umtembeze, swali lake la kwanza ni "mkali huyo?" Huyo ndo mtu. Anasimama pembeni, anamuacha mbwa amnuse, anaangalia mkia na masikio kabla hajanyoosha mkono. Woga ukizidi nao ni tatizo, maana mbwa akibweka tu anaachia kamba anakimbia, ila woga wa kiasi unampa mtu adabu, na adabu ndo unayoilipia hapa.

Usisahau na mji tunaoishi. Dar mbwa watu wamemjua kupitia kibao cha getini, MBWA MKALI, herufi nyekundu, basi. Mchana kafungwa, usiku kafunguliwa alinde. Mbwa anayetembezwa na kamba saa kumi na moja jioni ni kitu kipya bado kwa watu wengi, ukitoa kule Masaki na Oysterbay walikozoea, kwingine ni mambo ya kizungu. Kwa hiyo huyo kijana wako hatembei na mbwa tu, anapita katikati ya watu ambao nusu wanaogopa, robo wanacheka, na waliobaki wana sababu zao za dini za kutotaka kuguswa. Kazi yenyewe hasa ni hiyo, kutembea yeyote anaweza.

Ngoja nikwambie yaliyonikuta mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilivunjika mguu, bodaboda hizi hizi, nikakaa na plasta wiki nane. Nina mbwa wangu anaitwa Shaba, jike, wa ulinzi lakini nilimzoesha kutembea kila jioni. Nikampa kazi kijana wa mtaani, mpole, namfahamu mpaka kwao. Kila siku saa kumi na nusu anakuja, anamchukua, baada ya saa nzima anamrudisha, mimi nipo kwenye kiti barazani naona raha. Kitu kimoja tu kilikuwa kinanisumbua, Shaba akirudi hanywi maji. Mbwa aliyetembea saa nzima kwenye joto la Dar akifika anaanza na bakuli la maji ndo mengine yafuate, huyu anarudi anazunguka uani kama hajaenda popote. Nikajiambia labda anamnywesha huko.

Plasta ilipotoka nikaanza kutembea taratibu na fimbo, nikamchukua Shaba mwenyewe. Kutoka getini akanivuta kushoto, nyumba ya nne, tukakata kona, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kijiwe cha drafti chini ya mwembe, akaingia chini ya benchi, akazunguka mara moja, akalala. Wazee wale hata hawakushtuka. Mmoja akainua macho kwenye drafti akasema, "Eeh Shaba, leo umekuja na nani?" Yaani nilikuwa nimemlipa mtu wiki nane ampeleke mbwa wangu kuangalia drafti, na wote wanamjua kwa jina isipokuwa mimi ndo mgeni.

Nilipomuita kijana sikumgombeza sana, nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, "Dokta, watu wananicheka. Nikipita pale stendi ya bodaboda wananiita boi wa mbwa, wananiuliza mshahara nalipwa na wewe au na Shaba." Sasa hapo ndo nikaelewa uvivu haukuwemo, alikuwa anajificha. Toka siku hiyo mtu akiniomba nimtafutie mtembeza mbwa, swali ninalomuuliza kijana ni hili: wenzako wakikucheka utafanyaje? Wengine wanacheka wenyewe wanasema nitazoea, wengine wanakaa kimya wanaangalia chini. Wa kwanza mchukue.

Na ukipata nafasi umwambie kazi hii huko nje ni biashara ya watu wazima. New York kulikuwa na jamaa anaitwa Jim Buck, miaka ya 1960 alianza kutembeza mbwa za watu wa maghorofani Manhattan kwa malipo, ikakua mpaka akaajiri wasaidizi. Buenos Aires mtu mmoja unamkuta na mbwa zaidi ya kumi kwa mpigo. Hayo ya mbwa kumi tuwaachie wao lakini, Tomi atembezwe peke yake, na hilo mwambie kijana siku ya kwanza, maana akishajulikana mtaani atapata na mbwa wa pili na wa tatu atataka awachanganye amalize mapema.

Sasa hela. Siku 22 za kazi kwa mwezi, mara mbili kwa siku, ni mizunguko 44. 60,000 gawanya kwa 44 unapata kama shilingi 1,360 kwa mzunguko, hela ya daladala kwenda na kurudi. Kwa bei hiyo hata malaika atakaa kijiwe cha drafti. Mimi ningekuwa wewe ningesema mchana 2,000, ule mfupi, jioni 4,000, jumla 6,000 kwa siku, 132,000 kwa mwezi, najua ni hela lakini linganisha na kochi. Mwezi wa kwanza lipa kila Ijumaa kwa simu, usilipe mwezi mzima mbele, na mvua ikinyesha akaja getini akakuta haiwezekani kutoka mlipe, yeye kafika. Anayekatwa hela siku ya mvua ndo siku ya jua anakukata dakika.

Saa nazo zina hesabu yake. Kwa ratiba yako Tomi anakaa ndani saa kumi na mbili, na mbwa mzima tunasema asipitishe saa sita mpaka nane bila kutoka kujisaidia, kwa hiyo hata kubweka kwenyewe kuna siku ni mkojo tu unamuuma. Asubuhi mtembeze mwenyewe, dada samahani lakini hii hukwepi, saa kumi na mbili na robo mpaka saa moja kasorobo hivi kuna mwanga tayari na lami bado ya baridi, nusu saa ya kutembea kwa nguvu. Mchana kijana aje saa sita, dakika kumi na tano, kivulini, ajisaidie arudi, basi, asijifanye anamfanyisha mazoezi. Jioni ndo matembezi yenyewe, saa kumi na nusu mpaka saa kumi na moja na robo.

Mchana nasisitiza kwa sababu ya joto. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, anapunguza joto kwa kuhema na kidogo sana kwenye nyayo, na joto lake la kawaida ni kama 38.3 mpaka 39.2, likipita 41 hapo tunapigania maisha. Januari na Februari Dar unyevu ukijaa hewani hata kuhema hakumsaidii vizuri. Mfundishe kijana aweke mgongo wa kiganja kwenye lami ahesabu mpaka saba, akishindwa kuvumilia basi na nyayo za Tomi haziwezi, apite kwenye udongo au arudi. Akiona ulimi umekuwa mwekundu wa kukolea, mate mazito, anayumba, asimkimbize nyumbani kwa miguu, ampeleke kivulini, ammwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, siyo barafu, ampepee na akupigie, afu bajaji mpaka kwa daktari.

Tuje kwenye lifti, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu hapa ndo wenye mbwa wengi wa maghorofani wanaharibu. Upanga majirani zako wengi ni Waislamu, na mimi mwenyewe Muislamu, nguo zangu za kazi zina ndoo yake. Kwa madhehebu ya Shafii ambayo ndo ya wengi huku pwani, mate ya mbwa au unyevu wake ukigusa nguo au mwili panaoshwa mara saba, moja kwa udongo, ndo mtu aswali. Mbwa mkavu akikupita karibu hakuna neno, lakini Tomi hakai mkavu, ulimi nje na pua mbichi. Sasa fikiria mzee kashatawadha, kanzu safi, yuko kwenye lifti anawahi magharibi, mlango unafunguka ghorofa ya nne, anaingia Tomi anamnusa goti. Hapo hujagombana na mzee tu, umegombana na jengo zima, na siku wakiitisha kikao cha wapangaji ajenda ni mbwa.

Kwa hiyo kijana atumie ngazi. Ghorofa nne kwa mbwa wa umri wa Tomi ni zoezi zuri, hazimuumizi. Akikutana na mtu kwenye ngazi asimame, amkalishe Tomi upande wa ukuta, yeye mwenyewe asimame katikati ya mbwa na mtu, kamba fupi, asalimie, amuache apite, ndo waendelee. Asiseme "hang'ati", hilo neno mlipige marufuku. Mwenye woga ukimwambia hang'ati hasikii hivyo, anasikia "jikaze". Na ndo maana nimekuwekea saa kumi na nusu jioni, mpaka adhana ya magharibi inalia Tomi keshapanda zamani. Asubuhi nayo saa kumi na mbili na robo watu wa alfajiri wamesharudi majumbani.

Kabla kijana hajaanza pita wewe mwenyewe milango mitatu minne, hasa ya ghorofa za chini, waambie nimemuweka mtu, anaitwa fulani, atapita ngazini saa hizi na saa hizi, akikosea nipigieni mimi, waachie namba. Utashangaa. Jirani aliyeambiwa mapema analalamika kwako, asiyeambiwa analalamika kwa mwenye nyumba. Hapo hapo angalia na mkataba wako wa pango umeandikaje kuhusu wanyama, ukikuta umekataza ongea na mwenye nyumba sasa hivi, usisubiri aambiwe na mtu.

(Jina Tomi zuri, halina shida. Nina mteja mbwa wake anaitwa Hayawahusu, alimpa makusudi kwa ajili ya ndugu wa mume, sasa kijana wake akimuita ngazini jengo zima linageuka.)

Mavi. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku na huu mfuko mbadala wa kitambaa hauokotei mavi, unapitisha. Wateja wangu wanatumia kizoleo cha mpini mrefu na gazeti, au mfuko wa karatasi wa unga wa kilo mbili ukiisha wanautunza, unafaa kweli, unaingiza mkono ndani unageuza. Kijana atoke navyo mkononi waonekane anavyo, hilo peke yake linanyamazisha nusu ya maneno. Pale chini muombe msimamizi akupe kona uweke ndoo yako yenye mfuniko, usitupe kwenye pipa la wote bila kufunga.

Njia nayo usimuachie achague. Mitaa ya ndani ya Upanga ina miti na magari siyo mengi sana, imetosha kwa siku za kazi, na siku za katikati ya wiki jioni mapema anaweza kushuka mpaka Sea View. Jumamosi Jumapili huko pamoja na Daraja la Tanzanite toka lifunguliwe 2022 watu wanaenda kupiga picha na watoto, Tomi hana biashara huko kwanza. Sehemu za vibanda vya chipsi apite mbali. Mifupa ya kuku iliyotupwa chini ndo inayoniletea kazi kila wiki, mfupa uliopikwa unapasuka vijiti vikali na unachoma koo au utumbo, mfundisheni Tomi neno moja la kuacha kitu, nyie wote wawili mtumie hilo hilo, siyo wewe unasema acha yeye anasema weka chini.

Maji ya mtaroni asinywe kabisa, hasa masika. Mnakumbuka homa ya mgunda kule Lindi 2022, ugonjwa ule unakaa kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, unaingia kwenye maji yaliyotuama, na mbwa anaupata na anaweza kukuletea ndani. Chanjo ya mchanganyiko ya mbwa huwa ina kinga ya baadhi ya aina zake, uliza kama Tomi alipata. Akirudi kutoka kwenye matope aoshwe miguu na akaguliwe kupe, masikioni na katikati ya vidole ndo wanapojificha.

Mbwa koko watakuja, wapo kwenye kila jalala. Kijana asikimbie na asimnyanyue Tomi, huyo ni wa kilo 30 na atakuwa anamnyanyua nani. Asimame, amuweke Tomi nyuma yake, ainame kama anaokota jiwe. Hata jiwe lisiwepo. Mbwa koko wa Dar wote wanaielewa hiyo lugha, wanasogea hatua kumi, afu anaondoka polepole bila kuwapa mgongo. Ila kumpiga Tomi mwenyewe hapana, na mwambie hivyo waziwazi, tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 na kumtesa mnyama ni kosa.

Vifaa usinunue kamba ile inayojivuta yenyewe kwenye kikasha, barabara zetu hazina nafasi ya mbwa kuwa mita tano mbele. Nunua hanesi ya kifuani na kamba ya kawaida ya mita moja na nusu, angalia ile ndoano ya kufungia, za bei rahisi za Kariakoo zinafunguka kwa kuvutwa mara mbili, ivute dukani kwa nguvu zako zote kabla hujalipa, muuzaji akinuna shauri yake. Kijana apitishe kidole gumba kwenye kitanzi na mkono wa pili ushike katikati ya kamba, asivingirishe.

Hapa siongei kwa utani. Tomi ana chanjo ya kichaa cha mbwa ya mwaka huu? Kama huna kadi ya chanjo mkononi usimtoe nje na mtu yeyote mpaka achanjwe, inarudiwa kila mwaka, na kijana awe na picha ya kadi kwenye simu yake. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa mtu ni kifo karibu mara zote, na tunazungumzia ugonjwa unaozuilika kabisa. Akimng'ata mtu, hata mkwaruzo, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano kamili, bila kupaka mafuta ya taa wala pilipili wala dawa ya bibi, afu hospitali siku hiyo hiyo, na sindano apewe zote kwa tarehe zake asiruke. Gharama beba wewe bila kubishana nani alimchokoza nani. Tomi afungiwe ndani siku kumi aangaliwe, asiuawe, asifichwe, asipelekwe shamba. Kijana haya ayajue kwa moyo, muulize kama unavyomuuliza mtoto hesabu.

Kumpata sasa. Hapa ndo mlinzi anaporudi. Mwambie asante, kazi yako siwezi kuichanganya, ila nitafutie mdogo wako au mtu unayemjua, na nitakupa kitu. Mlinzi akimleta mtu kaweka na jina lake, na zaidi ya hapo yeye ndo atakayeona saa ya kutoka na saa ya kurudi. Kijana alete namba ya NIDA, barua ya serikali ya mtaa anakoishi na wadhamini wawili, mmoja nenda mpaka kwake ukapaone. Unaishi peke yako na huyu atakuwa na ufunguo wa nyumba yako mchana, usione aibu kuuliza. Ufunguo mpe wa mlango wa mbele tu, chumba chako funga, chakula cha Tomi, kamba na maji viweke sebuleni asiwe na sababu ya kuingia ndani zaidi. Kamera ndogo ya sebuleni ukiiweka mwambie ipo, kumchunguza mtu kwa siri ni kutafuta ugomvi.

Mjaribu Jumamosi na Jumapili, wewe ukiwepo. Mara ya kwanza kamba shika wewe, yeye atembee upande wa pili wa Tomi. Mara ya pili ashike yeye. Mara ya tatu kaa nyuma hatua hamsini, uone anafanyaje akidhani mawazo yako yapo kwenye simu. Usimuangalie mbwa, angalia anapopishana na watu, hasa watoto na akina mama, mkono wa kamba unafupisha au unalegeza? Hapo ndo utajua kila kitu.

Na lile swali lako la utajuaje, lokesheni laivu ya WhatsApp, ile ya saa nzima, ni rahisi na haina ubishi, ingawa simu inaweza kutembea na rafiki yake huku Tomi yuko drafti, vijana wana akili. Jibu la kweli anakupa Tomi. Aliyetembea anakunywa maji, nyayo zina vumbi, ukifika saa moja usiku anakupokea afu anarudi kulala, na wiki ya pili ukitaja jina la huyo kijana masikio yanasimama. Tomi akijibana nyuma ya kochi mlango ukigongwa saa sita mchana, kamera ikionyesha hivyo hata mara moja, huyo kijana asirudi kesho yake, hata kama mizunguko yote kaimaliza na mlinzi anakuapia kwa Mungu. Na wikiendi mwachie Tomi akuvute anakotaka yeye dakika kumi za kwanza.

Kubweka kutapungua baada ya wiki mbili tatu, hakutaisha. Funga pazia la balkoni, nusu ya anavyobwekea ni vitu anavyoviona kule chini, na asubuhi ukiondoka muachie nusu ya chakula chake ndani ya chupa tupu ya maji uliyoitoboa matundu apambane nayo, chupa ikiisha kutafunwa tupa weka nyingine, ni bora kuliko mlango wa jikoni.

Jumamosi ukitoka na huyo wa kwanza vaa raba, na kizoleo kishike wewe.